Nyumba Arobaini Zisizo na Nambari

Ozi, 14 Desemba 1997

Mwanangu Salama,

Sisi tu hai sote, na hilo nimelitanguliza kwa sababu najua redio imekutia hofu. Mto ulitoka mahali pake, ukaingia majumbani bila kubisha hodi. Tumehamia pale juu penye shule. Mpunga umekwenda wote, hata wa mbegu. Mkaza mjomba wako Binti alipoteza sanduku lake na kila kilichokuwamo, vitambulisho vyetu pia, lakini ulimi wake hakuupoteza, kwa hiyo tunajua bado ana nguvu. Mdogo wako Bushra hajambo, shule imefungwa. Jirani yetu Tahir anakusalimu sana. Yeye na mimi tulimbeba mamake kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe, ukielea kama chombo, naye bibi mzima huyo akitukaripia njia nzima kwamba tunamtikisa.

Watu wamenichagua kuwa katibu wa msaada wa chakula, kwa ajili ya ile miaka yangu kumi na tisa ya ukarani kule skimu ya umwagiliaji ya Hola. Nimeandika nyumba mia moja na kumi na mbili, kwa mkono wangu, nikipita kwa mtumbwi. Ya kwangu nimeiandika ya mwisho, kama adabu inavyotaka. Penye nambari za kitambulisho nimezijaza. Pasipo na nambari, kwa kuwa kadi zilikwenda na maji au wazee hawakupata kuwa nazo tangu hapo, nimeacha pengo. Orodha nimempa Bwana Bule, mwenyekiti wa kamati ya msaada huko Garsen, naye ataipeleka Nairobi.

Sasa neno lenyewe. Hola pana nafasi ya karani ofisini. Niliowaacha pale wananikumbuka, na nikikuombea hawatanirudisha mikono mitupu. Kazi ya serikali ina mwanzo na ina mwisho, na mwisho wake ni pensheni. Hiyo yako ya kompyuta mimi sijui mbele yake. Ningekuacha na uamuzi wako, ila Bushra naye sasa anasema akimaliza kidato cha nne atakufuata hukohuko. Basi niambie ukweli: hiyo ni kazi gani, na mtu akiifanya miaka kumi anakuwa nani?

Mjomba wako,
Jaafar


Nairobi, 9 Januari 1998

Mjomba wangu,

Nakuamkia kwa heshima zote, wewe na Bi Binti, na Ramadhani hii iwe ya kheri kwenu ingawa najua futari ni ya shida. Barua yako imekaa njiani wiki tatu. Nimeisoma nikacheka kwa mama Tahir na mlango wake, kisha nikalia, kisha nikaenda kazini.

Umeuliza kazi yangu. Kompyuta, mjomba, haina akili hata chembe. Inafanya iliyoambiwa, upesi, bila kuuliza. Mimi ndiye ninayeandika maagizo yake: ukiona hili, fanya lile. Maagizo hayo ndiyo programu. Anayeyaandika akikua kazini huanza kupanga wenzake, kisha hupanga mfumo mzima wa benki au kiwanda. Darasa letu tulikuwa kumi na wanane na hakuna aliye nyumbani bila kazi. Tena miaka hii miwili hatutashikika: mashine nyingi zimefundishwa kuandika mwaka kwa tarakimu mbili, na mwaka elfu mbili ukifika zitadhani ni elfu moja mia tisa. Kila ofisi inatafuta mtu wa kuzirekebisha. Danson, mwenye kampuni yetu, amesema mwezi wa tano huenda akanipeleka Johannesburg kwa mafunzo, nikirudi niongoze wenzangu wanne. Mimi, mjomba, mwanamke wa Ozi.

Kwa hiyo Hola hapana. Usinione mkaidi. Bushra mwambie ashike hesabu.

Jambo moja litakufurahisha. Shirika linaloleta chakula cha mafuriko limetupa sisi kazi ya kuandika programu ya orodha zake. Zipo zinazotoka Garsen. Kwa hiyo majina yako huenda yanapita humu ofisini mwetu, umbali wa meza mbili kutoka kwangu.

Wako,
Salama


Ozi, 20 Februari 1998

Mwanangu Salama,

Idd tulisali, alhamdulillahi. Maji yamerudi mtoni lakini yametuachia tope na mbu. Bi Binti anakusalimu. Mimi nina homa kidogo, si ya kukutia wasiwasi.

Nakuandikia kwa jambo la ofisi. Orodha imerudi kutoka Nairobi tangu tarehe tano, imechapwa vizuri, herufi zimesimama kama askari. Lakini kuna majina yameruka. Niliandika nyumba mia moja na kumi na mbili, zimerudi sabini na mbili. Arobaini hazimo. Nimezipitia moja moja na nakala yangu. Wenye majina hayo walikwenda Garsen na magunia mikononi, wakaambiwa hawajulikani. Na Bwana Bule anasema amri ni kwamba asiye kwenye karatasi hiyo hapewi, hata akiwa anamjua yeye mwenyewe kwa sura.

Watu wana maneno kidogo. Ndiyo kawaida ya njaa.

Je, kompyuta hukosea? Wewe uko karibu nayo, uliza. Nawe ukipata jibu liandike vizuri, kwa jina la ofisi na muhuri, ili niweze kulisoma mbele ya watu.

Jaafar


Nairobi, 6 Machi 1998

Mjomba wangu,

Nakuamkia. Pole kwa homa, umekunywa dawa? Msalimie Bi Binti na Bushra.

Nimeuliza. Bado wanatafuta. Inaweza kuwa ni Garsen, inaweza kuwa ni karatasi zilizolowa njiani, ni vigumu kusema sasa. Kompyuta yenyewe haikosei, kama nilivyokueleza. Nitaendelea kuuliza.

Naomba unijibu upesi jambo hili tu: hizo nyumba arobaini, je, zilikuwa na nambari za vitambulisho au hazikuwa nazo? Na je, kuna nyumba yoyote isiyo na nambari ambayo jina lake lilirudi?

Kazini ni salama. Danson amenithibitishia safari ya Johannesburg.

Wako,
Salama


Ozi, 29 Machi 1998

Salama,

Tu wazima.

Hazikuwa nazo. Arobaini zote, hakuna hata moja iliyokuwa na nambari.

Isiyo na nambari iliyorudi ni moja. Ni yangu.

Nimekuwa karani miaka kumi na tisa, na karani hujifunza kusoma maswali kuliko majibu. Mimi nilikuandikia habari ya majina yaliyoruka. Habari ya mapengo niliigusa mara moja tu, Desemba, kabla ya haya yote. Wewe umeyafikiaje? Mtu anayetafuta kitu asichokijua huuliza maswali mengi. Wewe umeuliza mawili, yote mawili yakagonga msumari.

Sitaki unijibu upesi. Nataka unijibu kweli.

Jaafar


Nairobi, 18 Aprili 1998

Mjomba wangu, baba yangu,

Sijui kama nina haki ya kukuamkia. Nakuamkia hivyo hivyo.

Juzi Bushra alinipigia kutoka kwenye simu ya posta ya Garsen. Alikuwa na dakika tatu, akazitumia kulia moja na nusu. Ameniambia yote uliyonificha. Kwamba homa yako haikuwa homa, ni Tahir aliyekupiga ngumi mbele ya watu, jino likatoka. Kwamba mnaitwa nyumba ya mwizi. Kwamba ukiingia msikitini wanasogea. Kwamba miche yenu ya mpunga iling'olewa ikatupwa mlangoni, na kwamba Bule amekuita mbele ya kamati mara mbili ueleze vipi nyumba arobaini zifutwe na yako ibaki. Mjomba, kwa nini hukuniambia?

Nami nauliza hivyo mimi, niliyekaa na neno langu tangu mwisho wa Februari.

Programu ile niliiandika mimi. Si ofisi, si wenzangu. Mimi. Tuliogopa watu wajiandikishe mara mbili, nikaifundisha kompyuta kuwatambua kwa nambari ya kitambulisho: ukiona nambari uliyokwisha kuiona, huyo ni mtu yuleyule, shika habari zake za mwisho, futa za kwanza. Loise ndiye anayepiga chapa majina. Siku moja aliniuliza, "Hapa hapana nambari, nipige nini?" Nilikuwa na haraka. Nikamwambia, "Piga sufuri." Akapiga sufuri. Nyumba arobaini na moja za Ozi zikaingia kwa nambari moja, sufuri tupu, na mashine ikaona ni mtu mmoja anayejiandikisha mara arobaini na moja. Kila aliyeingia alimfuta aliyemtangulia. Akabaki wa mwisho.

Wewe ulijiweka wa mwisho.

Barua yako ya Februari ilipofika nilijua kabla sijaikunja. Nilikwenda kwa Danson siku ileile. Nakuandikia maneno yake yalivyokuwa.

Aliniuliza, "Umeshairekebisha?"

"Nimeirekebisha."

"Basi imekwisha. Orodha ya Mei itatoka safi."

"Haijaisha. Huko kuna mtu anasemwa vibaya na watu."

"Nani?"

Sikumwambia ni nani. Nilisema, "Mzee mmoja." Ndivyo nilivyokuita, mjomba. Mzee mmoja.

Akasema, "Salama, sikiliza. Tukiandika kwamba ni sisi, mkataba unakwenda, na watu kumi na wanne wanakwenda nao. Hakuna atakayetupa tena kazi. Na ikilazimika kabisa kumtaja mtu, yupo Loise. Si ndiye aliyepiga sufuri?"

Loise ana watoto wawili na hajui hata kwamba lipo la kujua. Tunafanya kazi chumba kimoja, na kila asubuhi huniletea chai.

Mjomba, nakuomba nisiyostahili kukuomba. Orodha mpya itafika Garsen mwanzoni mwa Mei. Arobaini zote zimo, nimezihesabu mwenyewe. Vumilia wiki hizo tu. Majina yakirudi maneno yatakwisha. Nami nitakuwa bado na kazi, na nitayafidia haya yote, wallahi nitayafidia.

Salama


Ozi, 11 Mei 1998

Mwanangu Salama,

Barua yako niliisoma mara tatu, kisha nikaiweka ndani ya msahafu, mahali ambapo Bi Binti hatafuti kitu.

Orodha imefika. Arobaini zimo. Ulihesabu sawasawa.

Sasa nikuambie lililotokea, kwa sababu wewe ni msomi na bado watu hukuwajua. Bule aliisoma hadharani pale Garsen. Watu wa Ozi wakasikia majina yao. Hakuna aliyesema kompyuta imepona. Walisema, "Mnaona? Alipobanwa ameyarudisha." Mwezi wa tatu walikuwa wananidhania. Sasa wana ushahidi.

Kuna jambo jingine nilikuficha. Tarehe kumi na saba Machi, alfajiri, mamake Tahir alifariki. Alikuwa na homa siku nyingi na alikuwa amekwisha mwili. Hakuna ajuaye kama unga ungemwokoa. Alikuwa mtu mzima sana. Lakini jina lake lilikuwa katika hizo arobaini, na hilo kila mtu analijua. Nilikwenda mazikoni. Nilipoinua mkono nishike jeneza, Tahir aliushika mkono wangu akautoa, taratibu, kama unavyomtoa mtoto kwenye kisima. Ngumi ile ya Februari haikuniuma. Hii imeniuma.

Bushra watoto wenziwe wamemsusa, lakini anakwenda shule. Bi Binti anauza maandazi Garsen badala ya hapa, kwa kuwa hapa hayanunuliwi.

Sikuandikii haya ili uje. Usije. Usiache kazi. Mamako alipokuwa anakata roho aliniachia maneno mawili tu, "Msomeshe huyu," na mimi nimeyatimiza, na sitayavunja ili kina fulani wanisalimie. Mimi safari yangu imebaki fupi. Wewe nenda Johannesburg. Nikiulizwa nitasema sijui, nami sijapata kusema uongo mkubwa kuliko huo, lakini nitausema.

Hiyo barua yako nitaichoma.

Mjomba wako,
Jaafar


Nairobi, 19 Mei 1998

Mjomba wangu,

Usiichome. Na kama umekwisha kuichoma, nimeandika nyingine.

Nimeiandikia ofisi ya shirika hapa Nairobi, nakala kwa Bwana Bule na nakala kwa chifu. Ndani nimeeleza kosa, nani aliliandika, siku gani nililijua na siku ngapi nikanyamaza. Nimeweka kurasa za programu yenyewe, mstari ule nimeupigia wino mwekundu. Loise sikumtaja ila kusema alifanya nilivyomwagiza. Nakala ya Danson niliiweka mezani kwake kwa mkono wangu. Aliisoma akasimama. Akasema, "Ukiituma hii, usirudi." Nikamwambia nimekwisha kuituma asubuhi.

Hakupiga kelele. Alivua miwani akasema, "Ulikuwa mzuri kuliko wote niliowaajiri." Ningependa angepiga kelele.

Ninakuja. Ijumaa tarehe ishirini na tisa nitakuwa Garsen. Mwambie chifu aite baraza Jumamosi. Ukikataa kumwambia, nitakwenda mlango hadi mlango.

Salama


Nairobi, 12 Julai 1998

Mjomba wangu,

Nakuamkia, na Bi Binti, na Bushra. Nilifika salama. Nimekawia kuandika kwa sababu nilitaka niandike nikiwa na habari, si malalamiko.

Siku tatu nilizokaa huko tulikula sinia moja, na hatukusema lolote la maana. Mimi na wewe tunaweza karatasi tu. Basi niyaseme hapa.

Nilidhani jambo gumu litakuwa kusimama barazani. Kusimama hakukuwa kugumu. Nilisema niliyoyapanga njiani: programu ni kitu gani, sufuri ni kitu gani, mjomba wangu aliandika kila jina, mimi ndiye niliyewafuta. Bule akathibitisha barua. Nilidhani hapo nimemaliza. Kisha Tahir akainuka kule nyuma, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mama yangu ulimfuta kwa kidole gani?"

Watu waliguna, wengine wakamwambia akae. Lakini lilikuwa swali la haki. Nilimwambia sikumfuta kwa kidole. Nilimfuta kwa mstari mmoja nilioandika kabla sijajua kama yupo, na nilipojua yupo nilinyamaza. Wiki tatu za mwanzo za kunyamaza kwangu alikuwa bado hai. Hilo nililisema pia, ingawa hakuniuliza. Nilikuona ukiinamisha kichwa. Tahir alitoka, na watu wakatoka mmoja mmoja, bila laana na bila pole. Wewe ulibaki umekaa kwenye dawati la darasa la pili, magoti yamekufika kifuani, nami sikujua kama nije nikushike mkono. Sikuja. Nisamehe kwa hilo pia.

Sasa habari. Nimekwenda kwa usaili mara nne. Mara zote wameniuliza kwa nini niliacha kazi, mara zote nimewaambia. Wa kwanza alifunga faili hapohapo. Wa pili na wa tatu walisema wataniandikia. Wa nne ni mama mmoja mkuu wa idara ya kompyuta katika kampuni ya bima; aliniuliza, "Ungekaa kimya, nani angejua?" Nikasema, "Mjomba wangu." Akanipa kazi ya miezi sita. Siandiki programu. Nakagua za wengine kabla ya mwaka elfu mbili, natafuta palipo na pengo na kuuliza mashine itafanya nini ikilikuta. Cheo kimeshuka, chumba nimehamia kidogo zaidi. Johannesburg amekwenda mwingine.

Bushra aliniuliza siku ile ya kuondoka, pale stendi, kama bado aje. Sikumjibu. Mjibu kwa niaba yangu: kazi ipo, na itazidi kuwapo, na ataipenda mpaka asahau kula. Lakini hatawaona watu anaowaandikia maagizo. Hakuna atakayemfundisha kuwaona. Hilo ajifundishe mwenyewe, mapema kuliko mimi. Akiliweza, aje, chumba kidogo kinatutosha wawili.

Wako,
Salama


Ozi, 30 Agosti 1998

Mwanangu Salama,

Tumevuna mahindi machache ukingoni, na Bi Binti ameanza kuuza maandazi hapa kijijini. Bushra nimemsomea ulichoandika. Aliomba asomewe tena, kisha akaenda kuchukua kitabu cha hesabu. Jibu lake ni hilo.

Umeniomba msamaha wa mkono. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa pale, ningeinuka mimi. Sikuinuka kwa sababu nilikuwa na hasira nawe. Nilikuwa na hasira tangu Aprili, nikaifunika kwa maneno mazuri ya mamako. Uliniita mzee mmoja. Sasa nimeyasema, na nikishayasema naona yamepungua.

Watu wanarudi polepole. Wa kwanza walikuja kuomba niwaandikie barua za kupata vitambulisho vipya, wakasahau kwamba hawanisalimii. Wengine wamekuja kusema pole waziwazi. Miche yangu hakuna aliyekiri kuing'oa, lakini wiki iliyopita nilikuta mbegu kibaba kimoja mlangoni.

Tahir hakuja. Mpaka jana.

Alikuja baada ya alasiri, baiskeli ameikokota. Nilimkaribisha, hakuingia. Alisema, "Jaafar, una karatasi?" Nikasema ninayo. Akasema, "Basi andika, umpelekee mpwa wako. Usinipambie." Nikakaa kizingitini nikaandika. Haya ni maneno yake, sikuongeza wala sikupunguza:

"Mama yangu aliitwa Habona binti Jillo. Hakuna aliyeandika mwaka aliozaliwa. Alizaa wanane akazika watatu. Mikeka yake ilikuwa inafika hadi Lamu. Alikuwa mkali, alipenda tumbaku ya kutafuna, na mamba aliwaogopa mpaka kufa ingawa aliuvuka mto kila siku ya maisha yake. Kitambulisho hakuwa nacho kwa kuwa siku ya kupigwa picha alisema hana haja ya karatasi kumwambia yeye ni nani. Mwaka huu alikuwa anarudisha chakula chake chunguni ili wajukuu wale. Mimi nilikuwa naona. Nikijifanya sioni."

Hapo niliinua kalamu, nikamuuliza kama nilikate hilo la mwisho. Akasema, "Liache. Mpwa wako si alisema lake barazani?"

Kisha akasema: "Mwandikie kwamba sikuja kumsamehe, wala sikuja kumlaani. Nataka amjue. Na akijibu anijibu mimi, asikujibu wewe. Wewe utanisomea tu."

Nilidhani amemaliza, nikamuaga. Alikwenda kulala tu, akarudi. Ameketi hapa uani tangu alfajiri ya leo, amekunywa chai ya Bi Binti vikombe viwili, anaitazama kalamu yangu. Anasema barua hii hatamwachia mtu. Ataipeleka yeye mwenyewe kwa baiskeli hadi posta ya Garsen, na ananihimiza nifunge bahasha kabla jua halijawa kali.

Mjomba wako,
Jaafar